Mashimo Matatu ya Kasulo

Kosa nitakalolieleza hapa ni la kutia saini chini ya kazi ambayo mkono wangu haukuifanya. Sikuiba, sikupokea bahasha, sikumdhulumu mtu kwa kusudi, na ndiyo maana kwa muda mrefu sikuliita kosa. Niliandika kwenye fomu kwamba nimechimba mashimo matatu, nikaweka jina langu, na mashimo hayo hayakuwapo. Nawaandikia ninyi mnaoingia leo katika kazi ya ujenzi, wasanifu na mafundi sanifu, wenye simu zinazopima mteremko na kompyuta zinazochora paa kabla ya chakula cha mchana. Sina la kuwafundisha kuhusu vyombo hivyo. Nina hili moja tu, na nimechoka kulibeba.

Niliripoti kazini Ngara, katika ofisi ya Mhandisi wa Wilaya, nikiwa na cheti kipya na suruali ya kitambaa ambayo mama alikuwa ameipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo yake ikasimama kama rula. Ilikuwa miaka ile kambi za wakimbizi za Lukole zilipokuwa zimejaa watu, na vilima vilivyozizunguka vilikuwa vimekwisha kuwa vipara, kwa sababu kila familia ilihitaji kuni na nguzo. Mhandisi wa Wilaya alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyevaa kofia ya jua hata akiwa ofisini. Asubuhi ile ile alinituma nikaangalie shimo la msingi wa madarasa mawili nje kidogo ya mji. Nilikwenda, nikaangalia, nikarudi.

"Udongo ukoje?" akaniuliza.

"Mzuri, mzee. Mwekundu."

"Uliingia shimoni?"

"Nilitazama kutoka juu, mzee."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Ningetaka mtu wa kutazama kutoka juu ningemtuma kunguru. Rudi. Ingia. Shika udongo wa chini kabisa, uuloweshe, uusokote kati ya viganja kama kamba. Ukija hapa bila tope kwenye magoti, usiniambie kitu."

Nilirudi shimoni. Udongo wenye mfinyanzi wa kutosha husokoteka mwembamba bila kukatika. Wenye mchanga mwingi hukatika kabla haujawa unene wa kidole. Ule ulikatika. Nilipoingia tena ofisini, mikunjo ya mama ilikuwa imekwisha na kifundo cha mguu kilikuwa kinavuja damu. Mhandisi wa Wilaya aliitazama suruali kabla hajanitazama usoni. "Haya," akasema, "sasa umeajiriwa."

Kama ningebaki chini ya mtu yule, pengine nisingekuwa na habari ya kuandika. Lakini nilihamishiwa Biharamulo, na huko niliwekwa chini ya Mkuu wa Idara ya Ujenzi ambaye hakuwa mtu mbaya, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Alikuwa mpole, mcheshi, aliyekumbuka majina ya watoto wetu wote. Idara ilikuwa na gari moja na shule nyingi za kukagua. Siku moja nilimwomba gari niende Bisibo kuchukua sampuli, yaani udongo kidogo wa kupelekwa maabara kabla msingi haujachorwa.

"Udongo wa Bisibo si unaujua?" akaniuliza.

"Naujua, mkuu. Tumejenga kule mara mbili."

"Sasa unachimba nini unachokijua? Au unatafuta almasi? Jaza fomu, bwana, gari linakwenda kuchukua mitihani."

Nikajaza. Madarasa yale ya Bisibo yakajengwa, yakasimama, na mpaka leo yamesimama bila ufa, na hilo ndilo lililoniharibu. Ukuta mmoja tu ungepasuka, ningepona. Kwa kuwa haukupasuka, nikaanza kuamini kwamba fomu ndiyo kazi, na shimo ni desturi ya wazee waliokuwa na muda mwingi. Niliendelea hivyo miaka mingi. Niliitwa mtu wa kutegemewa. Vijana waliletwa kwangu wajifunze kujaza fomu.

Nilikuwa nimekaribia umri wa kustaafu kwa hiari wakati chuo kikuu kimoja kilipoamua kujenga ndaki yake ya uhandisi Kasulo, wilayani Ngara. Niliazimwa kutoka halmashauri ili niwe msimamizi wa kiwanja kwa upande wa wasanifu. Msanifu Mkuu alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri wa kuweza kuwa mwanangu, mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Siku ya kwanza alitandaza ramani juu ya boneti ya gari, akaibana kwa mawe manne ili upepo usiichukue.

"Nilikosoma mimi," akasema, "wa umeme hawakujua mlango wa karakana ya mbao uko wapi. Miaka minne! Tumemaliza, tumekutana kazini, hatuelewani. Hapa nataka anayekata chuma amwone anayeunganisha nyaya, na anayeranda mbao awasikie wote wawili."

Kwa hiyo jengo lote lilizunguka kile alichokiita karakana shirikishi: ukumbi mmoja mrefu wenye kazi tatu, mbao, chuma na umeme, zilizotenganishwa kwa vioo ili vumbi lisipite lakini macho yapite, na katikati meza kubwa zisizo za idara yoyote. Kuta ndefu zilitazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi tu. Upenu ulikuwa mpana kwa ajili ya kivuli, madirisha ya juu yalitoa hewa ya moto bila mashine, na maji ya paa yaliteremka kwenye tangi chini ya ua. Upande unaotazama kijiji alichora mlango mpana wa pekee. Niliuliza ni wa nini. "Wa mafundi wa kijiji," akajibu. "Nao waje watumie mashine, wafundishe, wafundishwe. Wakikosekana wao, hii ni maabara tu yenye jina zuri."

Nilimpenda kwa maneno hayo, na nitakiri kwamba niliyaona pia ya kitoto.

Moyo wa mpango ule ulikuwa ukuta. Kwetu tofali hupangwa tanuri, likachomwa kwa kuni siku kadhaa, na kila tanuri huondoka na kipande cha kilima. Msanifu Mkuu alikataa tofali la kuchoma. Alitaka tofali la kubana: udongo wa kiwanja chenyewe, saruji kidogo, mashine ya mkono yenye mtaimbo mrefu, kisha tofali hukomazwa kwa kunyunyiziwa maji chini ya turubai, bila moto. Jambo moja tu lilihitajika ili lifanikiwe. Udongo ujulikane. Ukiwa na mchanga mwingi unahitaji saruji zaidi, la sivyo mvua huurudisha ulikotoka.

Nikapewa fomu na maelekezo: mashimo matatu, kila moja la kimo cha kifua, kiroba kimoja kutoka kila shimo. Mstari wa mwisho wa fomu ulisema: Mchimbaji wa sampuli.

Siku niliyokwenda, goti langu la kulia lilikuwa limevimba na barabara ilikuwa imenitikisa tangu alfajiri. Mtendaji wa Kijiji alinikaribisha ofisini kwake, ikaletwa chai, zikaletwa ndizi na maharage. Nje walikuwa wamekaa wanawake wa kikundi cha matofali, wakisubiri kusikia kama mradi utawapa kazi. Kiongozi wao alikuwa mama aliyenizidi umri, mrefu, mwenye viganja vilivyopasuka kama ngozi ya mti. Alikuwa amevuka kutoka Burundi enzi za Lukole, akapata uraia, akabaki akilima Kasulo. Wote walimwita Mama Bukuru, kwa jina la mwanawe, yule wa kwanza kati ya mapacha wake. Alinisalimu "Shikamoo, bwana mkubwa," yeye aliyenizidi umri, nami nikaitika "Marahaba" huku nikitafuta kalamu. Naliandika hili kwa aibu.

"Naomba udongo wa kule kiwanjani," nikawaambia. "Viroba vitatu. Kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini kule kwenye mteremko."

"Ni wa kazi gani?" Mama Bukuru akauliza.

"Unasafiri mpaka mjini. Unakwenda kupimwa na wakubwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyekabidhiwa mgeni wa heshima. Akawageukia wenzake, wakasemezana kwa Kirundi, wakaondoka na majembe.

Walirudi nilipokuwa namalizia sahani. Viroba vilikuwa safi, vimefungwa kwa kamba ya mgomba, na udongo wa ndani ulikuwa laini, hauna jiwe wala mzizi. Udongo uliotoka shimoni leo hauwi hivyo. Ule ulikuwa umechekechwa. Jicho langu liliona, na goti langu likajibu badala ya akili. Niliandika Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye mstari wa mwisho nikaandika jina langu.

Majibu ya maabara yalikuwa mazuri kupita matumaini. Msanifu Mkuu alinipigia simu akicheka. Udongo ungehitaji saruji kidogo sana. Mkandarasi akaleta mashine, kikundi cha Mama Bukuru kikaajiriwa kumwagilia na kupanga, na kuta zikaanza kupanda kwa udongo uliochotwa kiwanjani. Mimi nilipita kila wiki, nikahesabu kozi, yaani safu za matofali, nikatia saini. Machoni yalipendeza, ya rangi ya chungwa lililoiva.

Kisha zikaja mvua za masika. Nilifika asubuhi moja baada ya siku tatu za mvua, kuta zikiwa zimefika usawa wa madirisha. Fundi mkuu wa mkandarasi alinipeleka kwenye kona ya karakana. Kozi za chini zilikuwa zimelika, na chini yake pamejikusanya kifusi chekundu, laini. Nikaweka kidole kwenye tofali. Kiliingia hadi kwenye ukucha.

"Saruji mliweka?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kipimo chako, mzee. Fomu yako iko ukutani pale."

Nilimkuta Mama Bukuru kwenye turubai za kukomazia, ndoo mkononi, akinyunyizia maji matofali ambayo yasingemfaa mtu. Safari hii nilitangulia kumwambia shikamoo. Akageuka, akaitika.

"Marahaba, mwanangu. Umeuona ukuta wako?"

"Nimeuona, mama. Sielewi. Udongo ulipimwa."

"Uliopimwa si huu."

"Si mliuleta ninyi?"

"Tuliuleta sisi." Akaweka ndoo chini. "Ule ni ibumba, udongo wa mfinyanzi. Ulitoka shambani kwangu, kwenye kichuguu kando ya migomba. Huo ndio niliojengea nyumba yangu. Tuliuchekecha mara mbili."

"Lakini nilisema wa kiwanjani!"

"Ulisema unakwenda kwa wakubwa. Sasa wewe, mgeni akija kwako akiomba ndizi za safari, utamkatia zile za kulisha mbuzi? Kiwanja hiki ni mchanga na changarawe, hata mihogo inakilalamikia. Tungewapelekea wakubwa kitu hicho, waseme Kasulo hakuna udongo, wajenge kwingine?"

Wenzake walicheka. Mmoja akasema, "Na yeye akala ndizi zetu akashiba," wakacheka tena. Mama Bukuru hakucheka.

"Tulidhani utachimba na wako," akasema. "Tukasema, huyu ni mtaalamu, wetu atauchukua kwa heshima tu, kisha atakwenda kuchimba wake. Hukwenda. Nikajua kuna neno. Lakini mtu wa kambini atamwambia nini bwana mkubwa? Leo nakwambia kwa sababu bado hamjaweka paa. Mkishaweka paa nitakuwa nimechelewa: watoto wataingia, na mimi nitakuwa nimejua."

Jioni ile kulikuwa na kikao katika kontena la ofisi ya mradi. Meneja wa Mradi alikuwa na haraka. Zege la mkanda wa juu, ule unaofunga kuta zote kabla ya kenchi za paa, lilikuwa limepangwa kumwagwa mwisho wa mwezi ule. "Pigeni lipu nje na ndani," akasema. "Lipu nzito. Maji hayataona tofali." Nilipoeleza habari ya kichuguu, uso wake ulifunguka. "Basi jibu liko hapo! Wanakijiji walitudanganya. Andika hivyo. Kikundi kiondolewe, walete wengine, tunaongeza saruji kuanzia hapa kwenda juu. Wewe huna kosa."

Nakumbuka kalamu yake ikisukumwa mezani kuelekea kwangu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Sentensi moja ingenitoa salama, na ingewarudisha wanawake wale majumbani wakiitwa waongo, na yule mama, ambaye ardhi hii ilimpokea kwa shida, angeitwa jina baya zaidi. Chini ya paa lile wangekaa vijana, juu ya kozi za tofali ambazo kidole huingia.

"Hawakutudanganya," nikasema. "Fomu inasema nilichimba mimi. Sikuchimba. Nilikuwa nakula."

Msanifu Mkuu, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza, aliichukua ile fomu, akausoma mstari wa mwisho, akairudisha mezani. "Kosa la hesabu ningekusamehe," akasema kwa ile sauti yake ndogo. Akatoka nje. Niliandika barua ya maelezo pale pale, kurasa mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kila neno lililokuwa juu ya saini yangu lilikuwa la kweli.

Kuta zilibomolewa hadi msingi. Nilipewa wiki moja kabla ya kuondolewa kwenye mradi, na kwa wiki hiyo nilichimba. Mama Bukuru alinionyesha mahali: juu ya kiwanja mchanga mtupu, katikati changarawe, chini kwenye mteremko mfinyanzi mwekundu uliojificha chini ya tabaka la kimo cha goti. Niliingia katika mashimo yote matatu, goti langu likiwa limefungwa kitambaa, na yeye akaingia pamoja nami, kwa sababu peke yangu nisingeweza kutoka. Tulijaza udongo kwenye chupa za maji, tukatikisa, tukaziacha zitulie: mchanga hushuka kwanza, mfinyanzi hukaa juu, na macho huona kiasi cha kila kimoja. Yeye alizitazama chupa mara moja tu. Akachanganya kwa mikono makarai mawili ya udongo wa juu ya kiwanja na karai moja la udongo wa mteremkoni, akausokota ule mchanganyiko kuwa kamba ndefu nyembamba, akaniwekea kiganjani. Haikukatika. Nilikumbuka suruali ile aliyoipiga pasi mama.

Sampuli zile ndizo zilizokwenda maabara, na mchanganyiko ule, pamoja na saruji zaidi ya ile ya kwanza, ndio ulioko ukutani leo. Matofali mabovu yalipondwa yakawa kifusi cha sakafu. Mimi nilipata barua ya onyo, nikarudi halmashauri kukaa kwenye dawati lisilo na kazi, na mwaka ulipotimia nikastaafu bila sherehe. Sikustahili sherehe.

Mwaka huu nilipita Kasulo. Jengo limesimama vizuri. Upenu unatoa kivuli, na nyuma ya vioo niliona vijana wameinama juu ya meza zile zisizo za idara yoyote. Mlango wa upande wa kijiji una kufuli, na kufuli limeota kutu. Mlinzi aliniambia unahitaji barua ya kibali. Mama Bukuru alikuwa akitoka shamba, jembe begani. "Umepungua, mwanangu," akasema baada ya salamu. Kisha akauliza kama ndani kunapendeza, kwa kuwa tangu liezekwe hajawahi kuingia. Nilimwandikia Msanifu Mkuu kuhusu kufuli lile. Hajanijibu bado, na sijui kama ana mamlaka tena. Nitaandika tena.

Mnataka kujua nimebaki na nini baada ya utumishi wote ule. Nina goti bovu na nakala ya karatasi moja. Siku ile ya mashimo, tope likiwa limetufika viunoni, nilitoa fomu mpya nikamuuliza Mama Bukuru jina lake kamili. "La nini tena?" akasema. "Mnataka kunishtaki?" Nikamwambia ni la kwenye mstari wa mwisho. Akafuta mikono kwenye kanga, akalitaja polepole ili nisilikosee, nami nikaliandika kwa herufi kubwa. Mchimbaji wa sampuli: DAFOROZA BUTOYI.